Joto Likiingia, Lisitoroke

Sogeeni, wapwa zangu. Leo nawapeleka Uingereza. Kusini mwa London kuna mtaa mdogo uitwao BedZED. Ulikamilika mwaka 2002, na aliyeuchora ni msanifu majengo Bill Dunster. Desemba kule baridi hung'ata. Watu hupasha nyumba zao joto kwa gesi au umeme, na bili hupanda. Mtaa huu ukajiwekea sharti: joto likiingia, lisitoroke.

"Mjomba, joto lenyewe linaingiaje?"

Swali zuri hilo! Uingereza jua la mchana hukaa upande wa kusini. Basi nyumba zimeelekezwa kusini, na mbele zina vibaraza vilivyozungushiwa vioo. Jua linapenya, linapasha sakafu na kuta. Na wewe pia unatoa joto, ujue! Ukicheza, mama akipika, chumba kinapata joto. Ndiyo maana ofisi za mtaa ule ziliwekwa upande wa kaskazini. Mna watu na kompyuta humo. Wakiongezewa jua watatoka jasho bure.

"Na linazuiwaje lisitoroke?"

Umewahi kumwona bibi akiviringisha sufuria ya wali kwa blanketi? Jiko limezimwa zamani, lakini ukifunua, mvuke unakupiga usoni. Nyumba hizi nazo zimeviringishwa. Ndani ya kuta mna tabaka la kuzuia joto, nene sentimita 30. Chukua rula yako ya shule uone! Madirisha nayo yana vioo vya tabaka tatu. Joto likiingia, lisitoroke.

"Lakini Mjomba, tukifungiwa hivyo si tutakosa hewa?"

Ewaa! Hapo umeuliza kama fundi. Mwache ajibu yule aliyesimama juu ya paa.

"Mimi ni kofia ya upepo. Tuko wengi, wekundu, wa bluu, wa manjano. Upepo ukigeuka, nasi tunageuka. Mdomo wangu mmoja unaukabili upepo na kumeza hewa safi. Mwingine unatoa hewa iliyochoka. Humu kifuani zinapishana, kila moja na njia yake, hazichanganyiki. Ile ya moto inayotoka inaipasha ile ya baridi inayoingia. Na feni sina! Upepo wanitosha."

Mnaona? Hata hewa ikiaga, joto lake jingi inaliacha nyumbani.

"Basi hawatumii umeme kabisa?"

Wanatumia, mwanangu. Sehemu yake hutoka kwenye paneli za jua, lakini umeme huo hautoshi. Ndiyo maana mita ziliwekwa jikoni, mahali pa kuonekana, si kufichwa kabatini. Ukiwasha birika, unaona tarakimu zinakimbia. Nyumba inajua kutunza joto, lakini kuzima taa haijui. Hiyo ni kazi yako.