Dami ya Keki na Aisingi ya Royal: Kweli au Si Kweli?

"Dami, yaani keki bandia ya maonyesho, hailiwi, kwa hiyo haihitaji kazi kubwa." Si kweli, na uzushi huu ndio unaozaa mwingine. Hailiwi, lakini inatazamwa usiku kucha ukumbini chini ya taa kali, na kila bonde linatoa kivuli. Isitoshe, dami hutengenezwa kwa stairofomu, na stairofomu, ile plastiki nyeupe nyepesi inayofungiwa televisheni mpya, ina vitundu na haina uzito. Ukiigusa kwa kisu inakimbia. Ibandike kwanza kwenye ubao kwa aisingi yenyewe, isubiri ikauke kabisa, ndipo uanze.

"Paka tabaka moja nene, kisha nyoosha." Si kweli. Aisingi nene hukauka juu huku ndani ikiwa mbichi, halafu inashuka au inapasuka. Tabaka la kwanza ni la kuziba vitundu tu, kwa hiyo kwangua karibu yote uliyopaka. Likikauka, pitisha msasa laini, futa vumbi kwa brashi kavu, kisha paka la pili kwa aisingi laini kidogo kuliko ya kwanza. La tatu liwe laini zaidi na jembamba zaidi. Juu ya dami, vuta rula ndefu ya chuma mara moja, kuelekea upande mmoja. Pembeni, shika skrepa (kipande bapa cha kunyooshea) wima, mkono utulie, meza ya kuzungushia izunguke duara zima bila kusimama, maana kila unaposimama panabaki alama. Juu na pembeni visipakwe kwa mpigo mmoja: kimoja kikauke kwanza, la sivyo ukingo utapondeka. Ile mishono inayobaki unapoinua skrepa usiihangaikie ikiwa mbichi. Ikikauka, inyoe kwa kisu kikali.

"Ukiipiga aisingi sana inakuwa laini." Si kweli. Kuipiga kwa kasi kunaingiza hewa, na hewa hiyo ndiyo matundu utakayoyaona kesho. Tumia mwendo wa polepole, funika vizuri ilale usiku mmoja, halafu ikoroge kwa mwiko ukiikandamiza ukutani mwa bakuli. Bakuli lisiwe na hata dalili ya mafuta. Mafuta huua nguvu ya ute wa yai unaoshikilia aisingi hii.

"Lazima kuweka glisarini." Kwa keki ya kuliwa, kweli: inaifanya aisingi ikatike bila kuvunjika vipande. Kwa dami, si kweli. Hapa unataka ugumu, na glisarini huvuta unyevu, jambo ambalo fundi wa Tanga au Mombasa hahitaji kuongezewa.

"Oveni itaikausha haraka." Si kweli! Stairofomu hulegea joto likikaribia nyuzi 100. Washa feni.

"Tone la rangi ya bluu huongeza weupe." Kweli, ila liwe la ncha ya kijiti.

"Keki bandia ni ujanja wa siku hizi." Si kweli hata kidogo. Uingereza mwaka 1940, serikali ilipopiga marufuku keki zenye aisingi kwa sababu ya vita, maharusi walikodi vifuniko vya kadibodi na plasta vyenye umbo la keki ya ghorofa, na chini yake wakaficha keki ndogo.

"Harusi ikiisha, dami inatupwa." Si kweli. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu mpaka aisingi iyeyuke, ikaushe, uivishe tena kwa harusi ijayo.