Kutoka Mollo kushuka ziwani: Kirando au Kipili?

Mahindi yakikosa bei, nyumba nyingi za Mollo hurudia mazungumzo yale yale: tuhamie ziwani. Hapo ndipo mke na mume huanza kuvutana, Kirando au Kipili?

Vyote viko wilayani Nkasi, kando ya Ziwa Tanganyika, na njia ni ile ile ya Namanyere. Maisha ndiyo tofauti. Kirando ni mji mdogo wenye soko, kituo cha afya na kelele zake. Mama mwenye mtaji mdogo huweza kuuza unga asubuhi na kununua dagaa jioni. Kipili pametulia, visiwa vilivyo mbele yake hupunguza mawimbi, lakini wateja ni wachache.

Akina baba wengi huchagua kwa kutazama mitumbwi. Hapo hukosea. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Nyumba inayotegemea migebuka tu itakula nini miezi mitatu? Kwa hilo, Kirando ni afadhali.

Tena kuna malaria. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ziwa mita 770 hivi, na watoto waliozoea baridi ya Ufipa huugua upesi. Chandarua kinunuliwe kabla ya godoro. Kiwanja nacho kiwe mbali na maji. Mwaka 2020 na 2021 ziwa lilipanda likaingia kwenye makazi ya mwambao.

Shamba la Mollo lisiuzwe mwaka wa kwanza. Likodishwe.