Usitoke kwa kemisti kabla ya kumuuliza mfamasia

Kichwa kinagonga, mafua yamekubana na pesa za daktari hazipo. Unafanya nini? Unaingia kwa kemisti wa mtaani, unanunua tembe na kutoka mbio. Hebu ngoja kwanza.

Mfamasia si muuzaji tu. Amesomea shahada kwa miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo kazini kabla ya kusajiliwa. Wengine huendelea hadi uzamili wa famasia ya kliniki, wakashirikiana na madaktari wodini kuamua mgonjwa apewe dawa gani, kiasi gani na kwa muda gani.

Wewe unamhitaji wa nini? Chukua parasetamoli. Mtu mzima hafai kupitisha gramu 4 kwa siku, yaani tembe 8 za miligramu 500. Lakini dawa nyingi za mafua pia zina parasetamoli ndani. Ukizichanganya, unazidisha dozi bila kujua, na ini ndilo linaloumia. Au unatibiwa kifua kikuu huku ukimeza tembe za kupanga uzazi. Rifampisini hupunguza nguvu za tembe hizo, halafu mimba ikushtue!

Basi mtajie dawa zote unazotumia, hata za mitishamba. Muulize: nimeze kabla au baada ya kula? Nikisahau dozi je? Na kagua ukutani kama kuna leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu. Kuuliza si ujinga, na mara nyingi hulipi hata ndururu.