Mchanga wa tangi la maji chumvi: pesa iende wapi?

Duka linalouza vifaa vya akwariamu ya maji chumvi litakuonyesha mchanga wa aina mbili. Mmoja ni mkavu. Mwingine umefungwa kwenye mfuko wenye majimaji, umeandikwa kwamba ni mchanga hai, na kwa kilo bei yake hukaribia maradufu ya ule mkavu. Muuzaji atakwambia huo wa pili umeshabeba bakteria wa kutosha, hivyo samaki wataingia wiki hiyohiyo. Kwa mnunuzi wa kwetu ushauri wangu ni mfupi: uache mfuko huo rafuni, na pesa itakayobaki inunue vipimo vya amonia.

Tupige hesabu kwanza. Chukua tangi lenye kitako cha sentimita 60 kwa 45 na kimo cha 45. Likijaa kabisa ni lita 121. Ukitoa mawe, mchanga na nafasi ya juu, unabaki na lita 100 hivi za maji. Mchanga wa kina cha sentimita 3 ni lita 8 za ujazo, yaani kilo 12 hadi 13. Ukitaka sentimita 10, kama wanavyopenda baadhi ya watu, unaingia kilo 40. Kwa bei za mtandaoni Marekani, mfuko wa kilo 9 wa mchanga hai huuzwa kati ya dola 25 na 40, na kwa pesa inayokaribiana na hiyo unapata kilo 18 za mkavu. Lakini anayeagiza kutoka nje haumizwi na bei ya duka, anaumizwa na nauli ya mzigo. Tuseme msafirishaji anatoza dola 10 kwa kilo kwa ndege: kilo 13 ni dola 130, na sehemu ya uzito huo kwenye mchanga hai ni maji matupu.

Mchanga unaouzwa zaidi kwa kazi hii ni wa aragoniti, yaani chokaa ya baharini inayotokana na matumbawe, kombe na viumbe wengine. Punje za milimita 1 hadi 2 ndizo zinazotulia. Zilizo laini kama unga hupeperushwa na pampu, na kila asubuhi unakuta kona moja imebaki kioo kitupu na mawe yamevaa vumbi. Matumbawe yaliyosagwa vipande vya milimita 3 na zaidi hayapeperuki, ila kinyesi na mabaki ya chakula huzama katikati ya vipande, na usipoyafyonza kwa mpira kila unapobadilisha maji, nitrati itapanda tu. Mimi singeyanunua hata kwa nusu bei.

Sifa moja ya aragoniti hutiwa chumvi mno madukani: kwamba inashikilia pH. Maji ya bahari ya tropiki yameshashiba madini hayo, kwa hiyo tangi likiwa na pH ya 8.0 hadi 8.4 mchanga hauyeyuki, unakaa tu. Pale pH inaposhuka sana ndipo unapoanza kuyeyuka, na tangi likifika huko lina matatizo mengine. Ndiyo maana mchanga wa silika, ule unaojazwa kwenye chujio za mabwawa ya kuogelea, unafaa vizuri. Wauzaji wa vifaa vya mabwawa wanao, umeshachekechwa punje zikawa za saizi moja, na haukupanda ndege kuja mlangoni kwako. Wapo wanaouogopa wakisema unaleta ukungu wa kahawia kwenye kioo. Ukungu huo hutokea kwenye matangi mengi mapya, yenye aragoniti na yasiyo nayo, kisha huondoka.

Unaweza pia kuacha kioo kitupu bila mchanga wowote. Gharama yake ni sifuri, usafi ni rahisi, na bakteria watakaa kwenye mawe. Lakini samaki wanaojifukia usiku na wale wanaochimba mashimo wasahau.

Sasa tuje kwa msomaji aliye Nyali, Msasani au Paje, ambaye mchanga uko mlangoni. Huo nao una gharama yake. Si mchanga wote wa pwani yetu ulio sawa: wa Paje na Jambiani ni mweupe, wa chokaa, wa Malindi na Mambrui umeletwa na mto Sabaki kutoka bara, ni wa kahawia na una chembe nyeusi za madini. Weka kijiko kimoja kwenye kisahani, udondoshee siki. Ukichemka mapovu, ni chokaa. Ukinyamaza, ni mawe ya bara. Kisha pitisha sumaku iliyofungwa kwenye karatasi. Punje nyeusi zikining'inia, uache huo mchanga, kwa sababu zitaishia kwenye sumaku ya pampu na kuikwaruza hadi ife.

Halafu kuna sheria. Ndani ya hifadhi za bahari za Kenya kama Watamu, Malindi na Kisite-Mpunguti, na kwenye mwamba unaolindwa wa Chumbe kule Unguja, huruhusiwi kuondoka na mchanga wala kombe. Nje ya hapo uliza kwanza, maana fukwe nyingi zinaliwa na bahari kila msimu na wenyeji hawafurahii mtu mwenye ndoo na koleo. Mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na uhai yana mkataba wake: CITES inayahesabu pamoja na matumbawe magumu, Kiambatisho cha II, na bila kibali hayavuki mpaka. Jiwe la matumbawe ya kale la machimboni, lilelile la kujengea nyumba za pwani, halimo humo. Linauzwa kihalali na lina vitundu tele vya kukaa bakteria. Lisugue kwa brashi, uliloweke siku kadhaa, uzidi kubadilisha maji mpaka yaache kuwa meupe.

Bakteria ndio kiini cha suala lote. Tangi jipya halina wa kugeuza amonia ya samaki kuwa nitriti, wala wa kugeuza nitriti kuwa nitrati. Wakisubiriwa wenyewe, kwa joto la nyuzi 25 hadi 27, huchukua wiki nne hadi sita. Jirani yako mwenye tangi la siku nyingi na lenye afya akikupa kikombe cha mchanga wake, huo ndio mchanga hai wa kweli, na muda utapungua. Bakteria wa kazi hii hawatengenezi mbegu za kujihifadhi kama wanavyofanya wengine, kwa hiyo mfuko au chupa iliyokaa kwenye kontena lenye jua bandarini, kisha kwenye rafu isiyo na kiyoyozi, inaweza kuwa imebaki lebo tu. Chupa ya dola 15 hadi 30 iliyo mbichi na iliyotunzwa kwenye ubaridi inaweza kufupisha kazi hadi wiki moja au mbili. Usiyojua ilikopitia, usiinunue.

Wanaohitaji kulishwa ni hao bakteria. Njia ya kienyeji ni kutupia kamba mbichi mmoja akaoza. Ni rahisi, ila nyumba itanuka na hujui ametoa amonia kiasi gani. Kloridi ya amonia ni safi zaidi na kwa kweli ndiyo rahisi kuliko zote: kwa lita 100 unahitaji gramu 0.6 tu kufikisha miligramu 2 za amonia kwa lita, kwa hiyo pakiti ya gramu 25 inatosha mara 40. Wapo bado wanaotumia samaki wagumu kama damseli. Samaki huyo atateseka kwa wiki kadhaa, maana kwenye pH ya maji chumvi sehemu ya amonia iliyo sumu ni kubwa kuliko kwenye maji baridi, na akipona atakuwa mbabe anayefukuza kila mgeni huku wewe ukibomoa mawe kumkamata.

Vipimo vya matone vya amonia, nitriti na nitrati hugharimu dola 25 hadi 40 na ndivyo vitakavyokwambia ukweli. Kwenye vifaa vingi, rangi ya amonia huanza njano na kuelekea kijani. Isome mchana dirishani, si chini ya taa ya njano. Tangi limekomaa pale unapotia miligramu 2 leo na kesho saa ileile ukakuta amonia na nitriti zote ni sifuri. Nitriti ikichelewa siku chache usikimbilie dawa: kloridi iliyo kwenye maji ya bahari huwakinga samaki nayo kwa kiasi kikubwa. Ikishafika sifuri, badilisha sehemu kubwa ya maji ili kupunguza nitrati, kisha ingiza samaki mmoja au wawili.

Kwa aliye Mombasa, Dar au Unguja, ningechukua mchanga wa bwawa au wa chokaa kutoka kwa muuzaji anayejulikana, sentimita 3, jiwe la machimboni, kloridi ya amonia na vipimo. Maji yachotwe wakati bahari imejaa, mbali na mito na mabomba ya hoteli. Aliye Nairobi au Kampala atanunua chumvi ya akwariamu, takriban kilo 4 kwa lita 100, na hapo ndipo bajeti yake itakapobanwa, si kwenye mchanga. Aliye Muscat au Toronto, ambako mfuko haupandi ndege tena mpaka nyumbani, achukue aragoniti mkavu wa milimita 1 hadi 2. Mchanga hai una maana kwa mtu mmoja tu: yule anayeuchota bure kwenye tangi la rafiki.