Neno « pied » katika vitabu vya Wangereza

Mwanafunzi mmoja wa seminari alituletea shairi la padri Mwingereza, Gerard Manley Hopkins. Kichwa chake ni « Pied Beauty ». Yeye alikuwa amekwisha kuandika kwa Kiswahili: « Uzuri wenye madoa ». Tulimwambia kwamba amekosa, lakini kosa lake lina mafundisho.

Asili ya neno pied ni ndege. Kwa Kilatini aliitwa pica, kwa Kifransa anaitwa pie. Nanyi mnaojua Kifransa mmesikia watu wakisema cheval pie, yaani farasi mwenye mabaka makubwa, meupe na ya rangi nyingine. Ndege huyo ni mweusi na mweupe, na kila rangi inakaa mahali pake. Wangereza wakachukua jina lake kwa kutaja vitu vya namna hiyo. Hata kunguru wetu mwenye kifua cheupe, yule anayeokota makombo karibu na jikoni, katika vitabu vyao anaitwa pied crow. Zamani katika mji wa Norwich waliishi watawa waliovaa nguo nyeusi na nyeupe, nao wakaitwa kwa neno hilo hilo. (Sijui kama walifurahi!)

Katika masimulizi neno hili linapenda kwenda pamoja na mzaha. Shakespeare, katika mchezo wa « The Tempest », anamtia Caliban kinywani neno hilo amtukane mchekeshaji, sababu wachekeshaji walivaa nguo za rangi nyingi. Robert Browning, mwaka 1842, alisimulia habari za mpiga filimbi wa Hamelin mwenye kanzu nusu ya manjano, nusu nyekundu. Lakini Shakespeare huyo huyo, katika « The Merchant of Venice », analitumia kwa wana-kondoo wa Yakobo, wale wa kitabu cha Mwanzo, sura ya 30. Hapo hakuna mzaha: wanyama wa marakaraka ndio mshahara wa Yakobo.

Sasa Hopkins. Aliingia Kanisa Katoliki mwaka 1866, akawa Myezuiti, na shairi hili alilitunga mwaka 1877 huko Wales, mwaka ule ule wa kupewa upadri. Alikufa mwaka 1889, na mashairi yake yalitolewa katika kitabu mwaka 1918 tu. Yeye alilipanua neno. Anataja mbingu, ng'ombe, samaki, mabawa ya ndege, mashamba yaliyolimwa, hata vyombo vya mafundi: vitu visivyofanana, vinavyogeuka-geuka, navyo vyote vimetoka kwa Baba ambaye uzuri wake haugeuki. Neno lililochekwa katika nguo za mpumbavu, yeye amelifanya neno la sifa.

Basi, mwaona tatizo la « madoa ». Kwetu doa ni uchafu. Katika mafundisho ni alama ya dhambi. Tunamsifu Bikira Maria asiye na doa, na mtume Petro anamwita Kristo mwana-kondoo asiye na doa. Msikilizaji akisikia « uzuri wenye madoa » atafikiri uzuri ulioharibika, na hivyo shairi lote litapinduka. « Uzuri wa rangi nyingi » si kosa, lakini ni baridi, wala hauonyeshi ngozi ya mnyama. Mimi ningeandika « Uzuri wa marakaraka », kwani neno hilo kondoo wa Yakobo wamekwisha kulivaa.