Mkono wa mvuvi na bei ya programu

Mvuvi wa Kalundu akipiga kasia, mikono yake haiachi mpini. Ukitaka kumhuisha, yaani kumfanya asogee kwenye skrini, ianzie hapo hesabu yako kabla ya kuuliza bei.

FlipaClip ya simu unaianza bure, ila kila mkao unauchora kwa kidole. Sekunde 10 kwa fremu 24 kila sekunde ni fremu 240. Hata ukichora nusu, ni michoro 120, na mkono utarefuka na kufupika usipokuwa makini. Kwa mazoezi, sawa. Kwa kazi ya mteja, hapana.

Maya, programu ya kompyuta, hupita dola 1,800 kwa mwaka, na mwaka ukiisha unalipa tena. Moho Pro, ya katuni bapa, ni kama dola 400 mara moja tu, na mifupa yake ya kuchezesha mhusika ni mizuri kweli. Blender ni bure kabisa, na imekuwa programu huria tangu 2002. Mimi nashauri Blender, bora laptopu iwe na RAM ya GB 8.

Sababu ni huo mkono. Njia ya kwanza ya kuuchezesha ni kuzungusha bega, kisha kiwiko, kisha kiganja. Inapendeza mtu anapopunga mkono. Kwenye kasia inakutesa: ukigusa bega, kiganja kinaachia mpini. Njia ya pili inaanzia kiganjani: unakifunga kwenye mpini, unasogeza kasia, kiwiko na bega vinafuata vyenyewe. Katika Blender, urefu wa mnyororo wa mifupa inayokifuata kiganja huja ukiwa 0, yaani mifupa yote hadi mgongo inavutwa. Andika 2, ivutwe mifupa miwili tu ya mkono: wa juu na wa chini ya kiwiko.

Gharama inayouma ni umeme. Kutoa fremu 240 kwa Cycles, injini ya Blender ya kutoa picha, dakika 2 kila moja, ni saa 8. Laptopu ya wati 60 itakula wati-saa 480, asilimia 40 ya betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100, na betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu. Kwa Eevee, injini nyingine ya Blender, ikiwa kila fremu inachukua sekunde 10, unamaliza kwa dakika 40. Na usitoe video moja kwa moja: toa picha za PNG. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 173, unaendelea na ya 173.