Nati za Kufuli: Je, Zinafaa?

Wenye motokari hapa Baraka na Fizi wanauliza kama inafaa kununua nati za kufuli ili magurudumu yasiibiwe.

Inafaa. Kila gurudumu hufungwa nati moja ya namna hiyo mahali pa nati ya kawaida. Haifunguki kwa spana yoyote, ila kwa ufunguo wake. Mwizi wa haraka atashindwa. Mwenye vyombo na nafasi ataifungua. Basi usiku ingiza gari ndani ya ua.

Lakini jihadhari! Mwizi aliyeshindwa na kufuli huenda amekwisha kulegeza nati nyingine. Gurudumu likichomoka kwenye mteremko wa kutoka Fizi, watu watavunjika mifupa au kufa. Kila asubuhi, kabla ya kuondoka, jaribu nati zote kwa spana.

Ufunguo ukae ndani ya gari, mahali pa siri. Ukiuacha nyumbani na mpira ukapasuka njiani, utalala porini. Ukibadili gurudumu, kaza nati moja, kisha ile inayoielekea. Uzikaze tena baada ya kilometa 50.

Gurudumu lililoibiwa hununuliwa tena, mguu haununuliwi.